Oma wa Bawshar

Mwanamize binti Murshid alikuwa na kanuni yake kuhusu mazungumzo ya watu wengine: mtu akitajwa mara tatu kabla msemaji hajavuta pumzi, ana haki ya kujua amesemwa nini. Siku ya pili tangu mke wa mwanawe, Nawar, afike Bawshar kutoka Hamburg na masanduku sita na mtoto wa miaka mitano, alimkuta jikoni na simu sikioni, akiongea na mama yake kwa Kijerumani. Mwanamize akahesabu. Jina lake lilipita mara tatu, na pumzi ilikuwa bado.

Alikuwa amefundisha kemia miaka thelathini na moja katika skuli ya sekondari ya wasichana Ruwi, mtaa mwingine wa mji uleule wa Kiarabu, na muda wote huo hakuwahi kutoa alama kwa jibu lililoanza na "nahisi". Hakutaka kuhisi Nawar alisema nini. Alinunua kitabu, akatia masomo ya sauti kwenye simu yake, na kila siku baada ya sala ya alasiri akawa anakaa kwenye kiti chake ukumbini, waya masikioni, macho nusu yamefumba. Mwanawe, Saeed, alidhani mama yake anasikiliza darsa za dini, akawa anapunguza sauti ya televisheni kwa heshima. Mwanamize hakumsahihisha, kwa kuwa hakuulizwa.

Aliyekaribia kuuliza ni Joweria, msichana wa Kiganda aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba hiyo mwaka wa tatu sasa, na ambaye hakuna kilichompita.

"Mama, leo shehe amesema nini?" alisema siku moja, akifuta meza iliyokuwa safi.

"Amesema wenye maswali mengi huunguza mchuzi."

Joweria alikwenda kutazama mchuzi, akitabasamu.

Baada ya miezi sita Mwanamize alikuwa anaelewa nusu. Baada ya miezi kumi alikuwa anaelewa takriban yote, mzaha ukiwemo. Hakuwahi kutamka hata neno moja mbele ya mtu. Kazi yake ilikuwa kusikia, na kusikia hakuhitaji ulimi.

Alisikia mengi. Nawar, ambaye baba yake ni Msyria na mama yake Mjerumani, aliongea Kiarabu na mkwe wake na Kijerumani kuhusu mkwe wake. Alimweleza mama yake kwamba wali wa nyumba hii una mafuta ya kuendeshea gari kutoka Bawshar hadi Ruwi na kurudi. Kwamba mkwe wake huingia vyumbani bila kupiga hodi. Kwamba humtazama yeye Nawar kama chupa ya maabara isiyo na lebo. Hili la mwisho Mwanamize alilipenda, kwa sababu lilikuwa sahihi. Katika mashtaka kumi na moja aliyoyasikia mwaka wa kwanza, aliyapima moja moja na kuona saba ni ya kweli. Akarekebisha matano, bila maelezo. Mafuta yakapungua. Hodi zikaanza kusikika. Nawar akamsimulia mama yake, kwa mshangao, kwamba yule bibi anabadilika, labda ni umri. Mwanamize akaliandika hilo moyoni kuwa shtaka la kumi na mbili, la uongo.

Mpaka hapo ulikuwa mchezo. Mwezi wa Februari mchezo ukaisha.

Hatem, mjukuu wake, alikuwa ametimiza miaka sita na alitakiwa kuanza darasa la kwanza mwezi wa Septemba. Saeed, mhandisi wa wizarani anayeamini kila kitu kinachopangwa kwenye jedwali, alikuwa ameshapanga jedwali la skuli. Juu kabisa aliweka skuli ya Kiingereza iliyo njiani kwenda ofisini kwake. Nawar alitaka skuli ya Kijerumani, ile ya lugha mbili, ambako mtoto husoma hesabu kwa Kijerumani asubuhi na sayansi kwa Kiingereza mchana. Walibishana wiki tatu kwa adabu, halafu wakakubaliana: mkondo wa Kijerumani ulikuwa umebakiza nafasi moja, na nafasi hiyo ilikwenda kwa usaili. Hatem akifaulu, atakwenda. Asipofaulu, jedwali la Saeed litafuatwa.

Hayo ndiyo Saeed aliyoyajua. Asiyoyajua, Nawar alimwambia mama yake jioni ileile, akikunja nguo, mkwe wake akiwa hatua nne kutoka kwake na waya masikioni. Hatem asipoipata nafasi hiyo, alisema Nawar, Agosti atarudi naye Hamburg na mtoto ataanza darasa la kwanza huko. Saeed atafuata au hatafuata. Hakulia aliposema hivyo, na Mwanamize, ambaye angeweza kulipuuza chozi, hakuweza kuipuuza ile sauti kavu.

Akabaki na habari asiyoweza kuitumia. Kumwambia Saeed ilikuwa kumwambia pia aliipataje. Kwa hiyo akafanya kitu kimoja kilichowashangaza wote: akatangaza mezani kwamba yeye anaiunga mkono skuli ya Kijerumani. Saeed, aliyekuwa akihesabu kura ya mama yake upande wake, aliweka kijiko chini na kuuliza sababu.

"Maabara yao nzuri," alisema Mwanamize.

"Mama, ana miaka sita."

"Atakua."

Sasa, kulikuwa na jambo kuhusu Hatem ambalo nyumba nzima ililijua na hakuna aliyelihofia. Tangu azaliwe, Nawar alimlea kwa kanuni aliyoisoma kitabuni: mtu mmoja, lugha moja. Mama ni Kijerumani, baba ni Kiarabu, Bibi, aliyezaliwa pwani ya Afrika, ni Kiswahili. Kitabu kiliahidi kwamba mtoto hatachanganya, na Hatem hakuchanganya. Aliishika kanuni ile kuliko aliyemfundisha. Kila mtu mpya aliyekutana naye alimweka kwenye lugha ya kwanza aliyomsikia akiisema, na hapo ndipo alipokaa. Joweria alipangwa awe Kiingereza. Siku Hatem alipofika, mlangoni, bahati mbaya alisema "hujambo", na miaka yake ya Kiingereza ikaishia hapo. Saeed naye aliwahi kumtania mwanawe kwa sentensi mbili za Kijerumani. Hatem alimtazama kama mtu aliyevaa nguo za mwenzake, na hakumjibu kwa lugha yoyote mpaka siku ya pili.

Usaili ulikuwa asubuhi ya Jumatatu, mwezi wa Machi. Saeed alikuwa kazini. Waliokwenda ni Nawar, Hatem aliyevalishwa shati jipya, na Mwanamize, ambaye skuli yenyewe ilimhitaji. Kanuni za usaili zilikuwa wazi, naye alizisoma mara mbili na kuziona nzuri: jamaa yeyote anayezungumza Kijerumani hukaa nje, asije akamsaidia mtoto. Mtoto huingia na msindikizaji asiyezungumza lugha hiyo. Simu zote huachwa mapokezi. Msindikizaji hutia saini kwamba hazungumzi Kijerumani.

Mwanamize alitia saini kwa mkono uliotulia. Hazungumzi. Hajawahi kuzungumza. Fomu haikuuliza kama anaelewa, na kosa la swali ni la mtunga swali.

Nawar alibaki mapokezi na karatasi za kujaza. Bibi na mjukuu wakafuata mishale ya rangi ukutani mpaka kwenye mlango wa mwisho wa ujia. Hapo Mwanamize alimwambia mtoto afunge kidamu cha kiatu chake, kwa Kiswahili, kama kawaida. Mlango ukafunguka. Mwanamke mrefu mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi alitokeza kichwa, uso wake umejaa furaha.

"Shikamoo, mama. Nimesikia Kiswahili nikadhani naota," alisema. "Naitwa Bi Ahrens. Nilifundisha Moshi miaka sita. Karibuni, karibuni ndani."

"Shikamoo, mwalimu," alisema Hatem, akiinuka kutoka kwenye kiatu chake.

Katika kemia kuna wakati unamwaga tone kwa tone, unangoja rangi, na tone moja la ziada linadondoka. Huwezi kulirudisha. Mwanamize alisimama mlangoni na kuiona rangi imeshageuka.

Wakaingia. Bi Ahrens alikaa mkabala na mtoto, akasogeza picha kubwa ya soko, akaanza kwa Kijerumani, polepole na kwa upole. Aliuliza Hatem anaona nini.

Hatem alitazama vizuri. Akajibu kwa Kiswahili kwamba anaona mama ameangusha kikapu cha matofaa, na mbwa ameiba soseji, na muuzaji hajui.

Bi Ahrens alicheka, akamsifu, akauliza tena kwa Kijerumani: mbwa ataipeleka wapi soseji? Kwa Kiswahili Hatem akasema ataipeleka chini ya gari lile jekundu, kwa sababu hapo kuna kivuli. Jibu lilikuwa zuri kuliko swali. Mara ya tatu Bi Ahrens alimwomba waziwazi ajibu kwa Kijerumani. Mtoto alimhurumia.

"Lakini wewe ni Kiswahili," alisema.

Walikwenda hivyo dakika kumi na mbili. Kila swali lilieleweka na kila jibu lilikuwa kweli, na hakuna hata moja lililofaa. Hatimaye Mwanamize aliomba ruhusa ya kusema, akaeleza kanuni ya nyumbani kwao, kwa mpangilio, chanzo na matokeo. Bi Ahrens alimsikiliza mpaka mwisho. Akageuza karatasi yake ili aionyeshe. Ilikuwa na kisanduku kimoja kilichoandikwa: *mtoto anajieleza kwa Kijerumani*.

"Nakuamini, mama. Lakini siandiki ninachokiamini, naandika nilichokisikia," alisema. "Mwenzangu wa usaili yuko likizo Ujerumani, na kamati inakaa leo saa sita. Zimebaki dakika nane."

Mwanamize hakuwa na la kulaumu. Yeye mwenyewe aliwahi kumpa sifuri msichana aliyekuwa na jibu zima kichwani na karatasi tupu mezani. Alimtazama Bi Ahrens akifungua kalamu. Akaona Agosti. Akaona uwanja wa ndege na shati lile jipya, na yeye mwenyewe akirudi kwenye nyumba ya vyumba saba isiyo na mtu wa kuambiwa afunge kidamu.

Kanuni ya mtoto haikuvunjika kwa kuombwa, wala kwa kulazimishwa. Saeed alijaribu, matokeo yalijulikana. Kwa hiyo isivunjwe. Itumike. Ni nani, kwa Hatem, aliye Kijerumani? Mama yake, aliyekuwa nje kwa mujibu wa kanuni. Na Oma, mama yake Nawar, yule bibi wa Hamburg, ambaye Hatem hakuonana naye tangu ahame, bali alimsikia kila jioni kwenye simu.

Mwanamize alikuwa amemsikia pia. Kila jioni, miezi kumi na minne.

Kwenye kona ya chumba kulikuwa na jiko la kuchezea, na juu yake simu ya plastiki na kikapu cha matunda ya plastiki. Aliinuka, akaichukua simu, akaiweka mbele ya Hatem bila neno. Akachukua ndizi. Akarudi kwenye kiti chake, akakigeuza mpaka mgongo wake ukamwelekea mtoto, akanyoosha mtandio wake, na akiwa na miaka sitini na tisa na heshima yake yote, akaiweka ndizi sikioni.

Alikohoa mara mbili, kikohozi kikavu cha mvutaji aliyeacha.

"Ni mimi tu," alisema kwa Kijerumani, sauti nene, ya kuburuta kidogo mwishoni. "Huku mvua. Na yule wa ghorofa ya chini ameacha tena mapipa yake mlangoni. Uko wapi, mdudu wangu?"

Nyuma yake kicheko kidogo kilichobanwa, na mkwaruzo wa plastiki ikiinuliwa mezani.

"Skuli, Oma," alisema Hatem, kwa Kijerumani safi cha Hamburg.

Kalamu ya Bi Ahrens ilisimama hewani.

Oma alitaka kujua skuli ikoje. Alisikia kwamba kuna picha, lakini yeye yuko mbali, haioni. Aelezwe. Na kwa kuwa mtu wa kwenye simu haonyeshwi kwa kidole, Hatem alilazimika kusema kila kitu: soko, mama, matofaa yaliyobingiria, mbwa, muuzaji mnene aliyekuwa akihesabu mayai. Oma akauliza kwa nini muuzaji haoni. Hatem akaeleza. Akauliza nini kitatokea baadaye. Hatem akatunga kisa chenye polisi wawili na paka. Oma alikohoa pale alipostahili kukohoa, wala hakumpa mtoto hata neno moja. Bi Ahrens alikuwa akiandika kwa kasi, ameinamia karatasi.

Ingekuwa busara kukata simu hapo. Lakini Oma hakuwahi kukata simu bila swali moja la mwisho, na Mwanamize alijua kwamba mtoto yule angelingoja.

"Haya," alisema. "Na yule bibi kizee leo anafanya nini?"

"Yuko hapa," alisema Hatem. "Anajifanya hasikii Kijerumani. Lakini ukimchekesha Mama kwenye simu, yeye anacheka kabla ya Mama. Sijamwambia Mama, kwa sababu Mama atakwenda kupigia simu garini."

Mlango ulikuwa umefunguka. Mwanamize aliugeuza uso wake taratibu, ndizi ikiwa bado sikioni. Nawar alikuwa amesimama kizingitini na fomu zake mkononi. Alikuwa amekuja mbio ujiani, baada ya kuisikia sauti ya mama yake mahali ambapo mama yake hangeweza kuwepo.

Wa kwanza kusema alikuwa Bi Ahrens. Alinyanyua ile karatasi yenye saini.

"Hapa umethibitisha kwamba huzungumzi Kijerumani."

"Nilipotia saini ilikuwa kweli," alisema Mwanamize kwa Kiswahili. "Tazama saa. Na hata sasa, lugha siijui. Nnamjua Oma tu."

Bi Ahrens aliifikiria hoja hiyo. Akauliza kama kuna jibu lolote ambalo mtoto alipewa, akajijibu mwenyewe kwamba hakuna, kwani alikuwepo. Akatia alama kwenye kisanduku, akaongeza mstari chini yake, akawaaga wote watatu kwa Kiswahili cha Moshi, na walipofika mwisho wa ujia wakamsikia akicheka peke yake.

Nawar aliendesha gari mpaka taa za Khuwair ya Kusini. Taa ilikuwa nyekundu.

"Tangu lini, Khalti?" aliuliza kwa Kiarabu, akimwita mama mdogo kama siku zote.

"Tangu chupa isiyo na lebo."

Nawar alihesabu. "Hiyo Julai."

"Vizuri, tangu Novemba. Kabla ya hapo nilikuwa nikipata nusu."

"Kwa hiyo wali."

"Ndiyo."

"Na hodi."

"Na hodi. La umri si kweli."

Nawar aligeuza uso kwenye dirisha la upande wake, na mabega yake yakawa yanatikisika. Taa ikawaka kijani, gari la nyuma likapiga honi. Walipopita mzunguko wa barabara alikuwa ameacha kucheka.

"Na Agosti?"

"Na Agosti."

"Saeed anajua?"

"Hajui. Khabari niliyoipata kwa njia ile siwezi kuisimamia."

"Ungeniambia mimi."

"Ungehamia garini," alisema Mwanamize. "Nisingejua tena kitu."

Nawar akaendesha mpaka lango la nyumba. Hapo alizima injini na kusema kwamba yeye mwenyewe atamwambia Saeed, leo, na kwamba lilikuwa kosa kumwambia mtu wa Hamburg kabla ya mtu wa Bawshar. Mwanamize alikubali kwamba lilikuwa kosa. Hakuongeza kitu. Alikuwa ameshatumia maneno mengi siku hiyo, tena ya lugha mbili.

Saeed aliambiwa habari za Agosti. Alimaliza chakula cha mchana, kisha akatoa jedwali lake kwenye droo, akalikunja mara nne na kumpa Joweria alitie chini ya mguu wa mashine ya kufulia, ambao ulikuwa mfupi. Barua ya skuli ilikuja Alkhamisi. Nafasi ilikuwa ya Hatem. Chini kabisa mwalimu alikuwa ameandika kwamba mtoto anajieleza vizuri sana, hasa kwa simu. Saeed aliusoma mstari huo mara mbili, akasema ni kweli, mtoto amerithi kwake, na hakuna aliyempa maelezo zaidi.

Jioni hiyo simu ya Nawar ililia ukumbini kwa wakati wake. Mwanamize alikuwa kwenye kiti chake. Waya hakuvaa, hazikuwa na kazi tena. Nawar hakutoka nje. Aliipokea palepale, akaongeza sauti mpaka nyumba nzima ikasikia, akampa mama yake habari za skuli. Kikohozi mara mbili. Pongezi. Mvua. Mapipa. Na mwishoni, kama ada, swali: yule bibi kizee leo anafanya nini?

Nawar aliiweka simu mezani, mbele ya mkwe wake, akaondoka kwenda kutia chai.

Mwanamize aliitazama simu kwa muda, kama chupa ambayo hatimaye imepata lebo. Kisha akakohoa mara mbili.

"Yupo tu," alisema kwa Kijerumani, sauti nene, ya kuburuta kidogo mwishoni. "Huku hakuna mvua."

Jikoni Joweria aliacha kuosha vyombo ili asikie.

"Nawar," ilisema simu, "laini hii ina kasoro. Nasikia sauti yangu mwenyewe inarudi."